Tonton Issa na Frigo ya Komanda

Jirani yangu ni fundi cherehani, na kila Jumamosi mchana anapiga pasi ya makaa, kwa sababu umeme wa mtaa wetu unaweza kukaa siku nne bila kuonekana. Bado anatumia wanga wa muhogo kama zamani. Anachemsha unga mpaka uwe uji mwepesi, anachovya nguo, anaikamua, kisha anaipiga pasi ikiwa mbichi. Harufu yake inaruka ukuta inakuja mpaka chumbani kwangu, harufu iliyo kati ya mkate na nguo inayotaka kuungua. Ninyi wa umri wangu mnaijua. Wengine inawakumbusha misa ya Jumapili, wengine Idi, wengine harusi. Mimi nafunga dirisha.

Nitasema kwa nini, maana sijawahi kulieleza jambo lenyewe kuanzia mwanzo, na waliohusika karibu wote wamekwisha kufa.

Mama yangu alikuwa na ndugu mmoja tu, Issa, mdogo wake, kitinda mimba wa Bibi. Sisi ni Waislamu wa zamani wa mji huu, wale ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara wakabaki hapa, wakawa mafundi wa ngozi na wauza vitambaa. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuvaa nguo za serikali. Lakini Issa alisoma kwa mapadri, akawashinda wote kwa hesabu, na uhuru ulipokuja, maofisa Wazungu walipofunga masanduku yao, wakatafutwa vijana wenye shule wa kushika nafasi zao. Yeye akapelekwa Ulaya kujifunza kazi ya meli. Wakati huo mji ulikuwa bado na jina la Mzungu. Aliporudi alikuwa na mistari miwili ya dhahabu mabegani, viatu vyeupe, na nguo nyeupe kutoka shingoni mpaka miguuni.

Nguo ile hakuipeleka kwa dobi. Mama aliipiga pasi mwenyewe uani, na mimi nilishika bakuli la wanga. Nilikuwa na miaka saba au minane. Tonton Issa, ndivyo tunavyomwita mjomba, alikaa kwenye kigoda akiwa amevaa msuli na singlendi, akingoja, akila karanga na kunihadithia Ulaya. Siku moja nilimwuliza bahari ikoje.

"Iko maji, Zaina. Maji ya chumvi. Unaangalia mbele, hapana ng'ambo."

"Ng'ambo iko wapi?"

"Hapana. Iko maji tu, mpaka mwisho ya macho."

Sikumwamini. Mto wetu ni mpana kuliko mito yote niliyoisikia, na bado una ng'ambo. Ukisimama bandarini unaona moshi wa watu wa upande wa pili na nguo walizoanika. Nikaamua kwamba tonton yangu alikuwa na macho dhaifu na alikuwa anaona aibu kusema. Nilimhurumia kimoyomoyo. Usiku nilimwombea Mungu amponye macho.

Watu walimtania. Wanaume wa barazani walimwita admirali na kumwuliza bahari yake ameiacha wapi. Maana meli yenyewe ilikuwa vedeti moja ya kijivu, chombo cha mtoni chenye bunduki moja mbele, watu tisa ndani yake, na injini mbili ambazo moja ilikuwa mgonjwa siku zote. Alikuwa akishuka nayo mpaka Yangambi na kurudi, kulinda boti za abiria. Lakini alipopita mtaani Kabondo na nguo ile nyeupe, akiruka madimbwi kama kuku ili asijichafue, hata waliomtania walisimama. Bibi alikuwa akikaa mlangoni kwa makusudi ili aulizwe huyo ni nani.

Jambo moja tu lilimgombanisha yeye na Bibi. Tonton alikuwa na mchumba, Hélène, binti wa mvuvi Mgenia wa pale kwenye maporomoko, mahali wanapofunga nyavu za vikapu kwenye magogo katikati ya maji makali. Alikuwa amekulia ndani ya mtumbwi, na sasa alifundisha watoto wadogo kwa masista. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu anayepiga kasia, na sauti ndogo sana. Kila alipokuja kwetu alileta samaki, na Bibi alimpokea samaki bila kumkaribisha kiti.

"Mutoto yangu hataoa mutu ya musalaba," Bibi alisema mbele yake.

Hélène alimwita mama yangu "yaya", neno tunalomwitia dada mkubwa. Mama hakumwitikia. Tonton alisema tu, "Itakwisha, mama. Muache wakati," na kumsindikiza Hélène mpaka njia panda.

Kisha habari za uasi zikaanza kuja kutoka mashariki. Kwanza zilikuja kama jambo la watu wengine, kwa redio na kwa madereva wa malori. Baba yangu alikuwa dereva wa njia ya Bunia; wiki ile lori lake halikurudi, na hatukumwona tena mpaka vita ilipokwisha. Halafu askari wakaanza kupita mtaani bila kofia, na duka la Mgiriki likafungwa. Tonton Issa akaja nyumbani mara moja, saa ya chakula, bila kukaa.

"Yaya, kesho asubuhi kuyeni bandarini," alimwambia Mama. "Wewe, mama na Zaina. Tunashuka. Komanda amekubali kila ofisa abebe familia yake. Hélène naye iko kuya."

"Huyo pia?" Bibi aliuliza.

"Huyo pia, mama. Bon, chukueni kitu kidogo tu. Sufuria moja, blanketi."

Tukaenda alfajiri. Mama alibeba blanketi na sufuria, Bibi alibeba msala na Kurani ya babu, mimi nilibeba kuku aliyefungwa miguu. Bandarini palikuwa pamejaa wake wa askari na watoto wao, wamekalia vifurushi. Hélène alikuwa amesimama peke yake karibu na kamba za vedeti. Tulimwona tukaketi mbali naye.

Jua lilikuwa limepanda ndipo lori la Komanda lilipofika. Komanda alikuwa mkubwa wa jeshi la mjini, mtu mnene mwenye fimbo ndogo ya kupigia mapaja yake. Nilidhani askari wangemshusha mke wake na watoto. Walishusha kitanda cha chuma, viti vinne vya sebuleni, cherehani ya miguu, masanduku ambayo sikuweza kuyahesabu, na mwisho kabisa, watu sita wakiguna, frigo, kabati la umeme la kupozea vyakula. Ilikuwa nyeupe, ndefu kunipita, yenye mkono wa kung'aa. Sikuwa nimewahi kuona frigo. Nilidhani ni kabati la dawa.

Vitu vile vilipandishwa kimoja kimoja. Tonton Issa alisimama mbele ya Komanda, mikono imenyooka ubavuni, akisema maneno ambayo hatukuyasikia. Komanda alikuwa akitazama saa. Tonton akasema tena, safari hii akionyesha kwa kidole. Komanda akamgusa kifuani na fimbo, mara mbili, polepole, akapanda gari lake akaenda. Baadaye tulijua kwamba alikwenda moja kwa moja uwanja wa ndege, na mke wake alikuwa tayari anamngoja kule.

Tonton alibaki amesimama. Kisha akafanya kitu ambacho nilikiona vizuri na ambacho nilikielewa vibaya kwa miaka mingi. Alikwenda ukingoni, akainama, akatazama maji ubavuni mwa chombo. Akaenda mbele akainama tena, akaenda nyuma. Hakututazama. Nikasema moyoni: anaogopa macho yetu.

Akaja. Jasho lilikuwa limelowesha kola ile niliyoshikia wanga.

"Yaya, hapana nafasi. Rudieni nyumbani."

Mama hakuelewa. "Namna gani hapana nafasi?"

"Ninyi wote. Rudieni. Mujifungie ndani, mutu asijue muko ndugu zangu."

"Frigo iko na nafasi?"

"Yaya, sikia kwanza..."

"Nakuuliza, Issa. Frigo ya watu iko na nafasi, na mama yako aliyekuzaa hapana?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Tonton alifungua mdomo, akawatazama askari wa Komanda waliokuwa wamekaa juu ya masanduku na bunduki zao, akaufunga. Leo najua kwamba ofisa hawezi kusema mbele ya askari na mbele ya wanawake mia mbili kwamba chombo anachokiongoza hakitafika. 

Mama aliokota sufuria. "Kuanzia leo mimi sina ndugu," alisema, bila kupaza sauti. Bibi alikuwa analia ndani ya kanga.

Tonton aliweka mkono kichwani kwangu. Nikautoa. Nilikuwa nimeachiwa kuku, nilikuwa na njaa, na nilitaka kumpiga kwa kitu kitakachomwuma kama Mama alivyoumia.

"Enda na frigo yako," nikamwambia. "Frigo ndiyo mutoto ya dada yako sasa."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Wake wa askari wachache walipanda kwa nguvu, waking'ang'ania kamba, na hao hawakuteremshwa na mtu. Sisi tuliondoka kabla chombo hakijafunguliwa. Nilipogeuka mara moja tu, Hélène alikuwa bado amesimama palepale.

Siku ya tatu waasi waliingia mjini. Siku ya kumi hivi, Hélène alikuja kwetu jioni. Alikuwa amepita njia za nyuma. Mama alimfungulia mlango nusu.

"Yaya, vedeti imezama," alisema. "Watu ya Yanonge wamemwambia papa yangu. Issa amepotea ndani ya maji."

Bibi alipiga yowe, Mama akamziba mdomo kwa kiganja kwa sababu ya majirani. Hélène alikuwa anataka kuendelea. "Yaya, mimi niliona siku ile. Chombo ilikuwa imekunywa. Ule mustari mwekundu kwenye ubavu, maji ilikuwa imeufunika. Aliturudisha kwa sababu..."

"Wewe uliona, na ukanyamaza," Mama alisema. "Uende."

"Yaya, hakuwa..."

"Mimi si yaya yako. Tangu umeingia katika nyumba hii hatujapata baraka."

Akafunga mlango. Nilisikia hatua za Hélène zikienda. Nilikuwa na umri wa kutosha kusikia kila neno, na sikuwa na umri wa kutosha kuyaunganisha.

Neno nililoshika mimi lilikuwa moja: amepotea. Nilijua kupotea ni nini. Niliwahi kupotea sokoni nikaletwa nyumbani na muuza mafuta ya mawese. Aliyepotea yupo, ila hajui njia. Nikakumbuka macho yake dhaifu. Nikaona wazi kilichotokea: alishuka na mto, akapita Yanonge, akapita Yangambi, akapita kote bila kuona ng'ambo, mpaka akatokea kwenye lile maji ya chumvi, na sasa anazunguka na frigo yake akitafuta mahali pa kuegesha. Niwaambie ukweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwonea haya: nilifurahi. Nilisema moyoni, mwache azunguke.

Bibi naye alilishika neno hilo hilo kwa namna yake. Alikataa kisomo cha marehemu. Alisema asiye na maiti hasomewi, aliyepotea hurudi. Kila siku aliweka sahani ya mwanawe, na kila siku tulikila chakula kile jioni kimepoa, kwa sababu njaa ilikuwa imeingia mjini na hakuna kilichoweza kutupwa.

Waasi walianza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta jamaa za askari. Kila mtaa ulikuwa na mtu wa kuonyesha kidole. Walikuwa vijana wenye majani vichwani, baadhi yao wenye sauti ambazo hazijavunjika sawasawa, na kwa sababu hiyo walitisha zaidi. Tulipowasikia wamefika barabara ya jirani, Mama aliingia chumbani akatoka na nguo nyeupe ya pili ya Tonton, ile aliyoiacha kwetu, imekwisha kutiwa wanga, ikingoja kupigwa pasi, na picha yake, picha moja tu tuliyokuwa nayo, aliyopigwa Ulaya mbele ya meli kubwa. Aliviweka juu ya mafiga. Nguo haikutaka kuwaka. Wanga uliokuwa kwenye kitambaa ulipata moto kwanza, ukatoa ile harufu ya mkate, na uani kote kukanukia kama mtu anayeandaa sikukuu. Nilikuwa na njaa, na mate yalinijaa mdomoni. Nilimwona Mama akikunjua picha kwa kijiti ili uso uungue vizuri.

Walipoingia, moshi ulikuwa bado unatoka. Aliyewaongoza aliniita mimi, akachuchumaa mbele yangu kwa upole kabisa.

"Mutoto, tonton yako ofisa iko wapi?"

"Sina tonton," nikasema.

Haikunipa shida hata kidogo. Nilikuwa nimeshalisema neno hilo mara nyingi kitandani, nikilifanyia mazoezi kwa hasira. Alinitazama machoni, akaona kwamba sisemi uongo, akasimama, wakaondoka. Mama alinikumbatia akaniambia nimeokoa nyumba. Alinisifu kwa majirani wakati vita ilipokwisha. Sikuwahi kupata sifa iliyonichoma kama ile, lakini hiyo ni hesabu ya baadaye.

Jeshi lilirudi, likaua kwa upande wake, kisha mji ukatulia na kubadilishwa jina. Bibi alikufa bado akiweka sahani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mtu alipobisha hodi, mwembamba, mguu mmoja umekauka. Alisema jina lake ni Bolongo, makanika wa vedeti. Alikuwa amefichwa na wavuvi wa Yanonge, kisha akafungwa na jeshi lake mwenyewe kwa sababu alipatikana hai upande wa waasi. Mama alimpa kiti. Alieleza bila kututazama, akisugua goti lake.

"Donc, siku ya pili, saa tisa ya muchana, upepo ulikuya na mvua. Mawimbi. Chombo ilikuwa chini sana, maji ikaanza kuingia nyuma. Lieutenant akasema, tupeni frigo. Tupeni vitu yote. Sergent ya Komanda akamuwekea bunduki kifuani. Akasema, nikirudi bila frigo Komanda ataniua. Lieutenant akamuambia, hutarudi, wewe. Wakabishana. Maji ikafika kwenye injini."

"Na yeye?" Mama aliuliza.

"Alifungua mutumbwi, akaweka wanawake. Wale walifika, wote. Mimi nilikuwa chini, muguu umebanwa. Alishuka kunitoa. Alinisukuma juu kwa tundu kwa mabega yake, mama. Mimi nilitoka. Chombo ikageuka." Akasugua goti tena. "Alisema na mimi njiani. Alisema, heureusement, bahati njema, nimewarudisha wangu nyumbani. Alisema, dada yangu amekasirika, nikifika nitamuandikia."

Mama alisimama akaenda uani. Alikaa kule mpaka Bolongo alipoondoka. Nilikuwa nimekaa chini, nikiona tena mtu aliyevaa nguo nyeupe akiinama ukingoni, mbele, nyuma, akipima maji. Hélène alikuwa amelileta jambo hilo mlangoni kwetu likiwa bado bichi. Mama hakusema jina la Hélène siku ile, wala hakwenda kwake. Watu wengine wakishakosea hivyo, aibu inawafungia njia ya kurudi.

Alichofanya ni kutafuta karatasi. Alizunguka ofisi mwaka mzima, akitaka iandikwe mahali fulani kwamba ndugu yake alikufa kazini kama mtu. Mwishowe karani mmoja alitoa faili akamsomea, nami nilikuwepo kutafsiri Kifaransa. Iliandikwa kwamba lieutenant huyo alipoteza chombo cha taifa kwa kosa lake mwenyewe, kwa kukipakia kupita kiasi. Kwa hiyo jina lake lilikuwa limefutwa. Nilitafsiri neno kwa neno. Karani alisema pole, akafunga faili, akaita mtu mwingine.

Miaka miwili baadaye walimu walituambia kwamba mkubwa mmoja atakuja kutoka Kinshasa, na kwamba huyo ndiye shujaa aliyeutetea mji wetu, wa mwisho kuondoka waasi walipoingia. Mama aliposikia jina aliketi chini. Alikuwa ni Komanda. Mimi nilikuwa nasema Kifaransa vizuri, nikachaguliwa kumpa maua.

Asubuhi ile Mama alinisuka nywele mwenyewe. "Umutajie jina tu," alisema. "Issa. Uone uso yake. Atakwambia neno. Mutu hawezi kusahau."

Alikuwa amenenepa zaidi, na sasa fimbo ilikuwa na kichwa cha pembe. Nilimpa maua, nikasema salamu niliyofundishwa, kisha nikaongeza kwamba mimi ni mtoto wa dada yake lieutenant Issa.

"Issa gani?"

"Wa vedeti, Excellence. Iliyozama."

Alikunja uso, akitafuta. Kisha akapata, na uso wake ukafunguka kabisa, kama mtu aliyekumbuka hadithi nzuri. Akamgeukia gavana aliyekuwa pembeni yake.

"Ile vedeti," alisema. "Ilizama na vitu yangu yote, unajua? Frigo mupya, kutoka Ubelgiji. Madame alilia wiki mbili."

Gavana akacheka. Komanda alinipiga kofi la upole shavuni, akampa mlinzi maua, akapita kwa watoto waliofuata. Tulikuwa tumefundishwa wimbo, na wimbo ulianza, nikaimba.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mama alikuwa amesimama barabarani, mahali ambapo Bibi alikuwa akikaa. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi. Alinishika juu ya kiwiko, vidole vikazama nyamani.

"Ulimutajia?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

Nilimtazama. Nikaona nywele zake zilivyoanza kuwa nyeupe pembeni.

"Alisema Tonton alikuwa ofisa bora kuliko wote," nikasema. "Alisema haikuwa kosa yake. Alisema anajua."

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya gavana."

Mama aliniachilia. Midomo yake ikasogea, akilirudia neno baada ya neno kama mtu anayejifunza sura ya Kurani. Kisha akaingia ndani, akatoka amefunga kitenge chake kizuri na kuvaa viatu.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa Hélène," alisema. "Lazima huyo binti asikie."

Akashika njia ya maporomoko, anatembea haraka, kichwa juu. Ningeweza kumkimbilia. Mpaka kwenye njia panda bado ningeweza kumwita akasikia. Nilisimama pale mlangoni nikamtazama akiishia, na sikumwita.